Gia nyepesi kwa baiskeli ya mbio: kaseti kubwa, kiungo, dereila ya mkono mrefu au sproketi ndogo za mbele?

Ukinunua baiskeli ya mbio ya mtumba iliyotoka Ulaya, hasa ya miaka ya 2000, hesabu meno kabla ya kuhesabu pesa. Mara nyingi utakuta mbele sproketi mbili za meno 53 na 39, na nyuma kaseti, yaani rundo la sproketi za nyuma, ya 12-25: ndogo ina meno 12, kubwa 25. Gia hizo zilimfaa kijana wa mashindano kwenye barabara tambarare. Mtu wa kawaida akipanda nazo kutoka Mombo kwenda Lushoto, au mlima Kitonga upande wa Iringa, au kutoka bonde la Kerio kwenda Iten, atasimama juu ya pedeli sehemu kubwa ya njia, magoti yakimuuma, kisha atajilaumu kwamba hana nguvu. Nguvu anazo. Alichokosa ni gia.

Wapo wanaoona aibu kufunga kaseti kubwa, eti ni ya wazee. Aibu hiyo iishe. Dura-Ace ya mwaka 2021 ya kampuni ya Shimano, seti iliyotengenezwa kwa wanamashindano wa ngazi ya juu kabisa, ina kaseti ya 11-34. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa na kilomita 267.5 na jumla ya mita 5,475 za kupanda, na waliomaliza ni watu 30 tu. Vilima vile vile ndivyo mwendesha baiskeli wa Kigali anavyopanda akienda kazini.

Njia za kupata gia nyepesi ninazozilinganisha hapa ni nne: kufunga kaseti kubwa na kuacha dereila iliyopo (kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni), kuongeza kiungo cha kuishusha dereila, kubadili dereila uweke yenye mkono mrefu, au kuacha nyuma kama kulivyo na kupunguza meno ya mbele. Naweka msimamo wangu wazi mapema. Kama mbele una 50 na 34, dereila ya mkono mrefu ya familia ile ile pamoja na kaseti ya 11-32 au 11-34 ndiyo njia ya kununua mara moja ukasahau. Kama mbele una 53 na 39, usiguse nyuma kwanza. Anza na mbele.

Hesabu ndiyo inayoamua

Uzito wa gia ni meno ya mbele kugawa kwa meno ya nyuma. Namba ikipungua, gia inakuwa nyepesi. Tairi la kawaida la baiskeli ya mbio, 700 kwa 25, hutembea takriban mita 2.1 kwa mzunguko mmoja. Nimepiga hesabu ya kasi ukiwa unazungusha pedeli mara 60 kwa dakika, mwendo wa chini ambao magoti bado yanauvumilia.

| Mbele x nyuma | Uwiano | Kasi kwa mizunguko 60 |
|---|---|---|
| 39 x 25 | 1.56 | km 11.8 kwa saa |
| 34 x 28 | 1.21 | km 9.2 |
| 34 x 32 | 1.06 | km 8.0 |
| 34 x 34 | 1.00 | km 7.6 |
| 34 x 36 | 0.94 | km 7.1 |
| 30 x 34 | 0.88 | km 6.7 |

Sasa geuza kasi hiyo iwe nguvu. Chukua mtu ambaye yeye na baiskeli yake wana kilo 85, kwenye mwinuko wa asilimia 10. Ili gia ya 39 x 25 izunguke mara 60 kwa dakika, atahitaji kutoa wati zipatazo 285. Kwa 34 x 28 zinashuka hadi kama 220. Kwa 34 x 34 ni 180 hivi, na kwa 30 x 34 ni 160. Mtu mwenye mazoezi ya wastani anaweza kushikilia wati 180 kwa muda mrefu. Wati 285 hataziweza kwa zaidi ya dakika chache, na hapo ndipo pedeli zinaanza kuzunguka mara 40, uzito wote unahamia kwenye goti, na mgongo unaanza kulalamika. Ukiwa Iten, karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, oksijeni ni kidogo na mwili hautoi nguvu zile zile unazozitoa Mombasa. Kwa hiyo aliyezoea gia fulani pwani asishangae ikimshinda huko.

Kutoka 39 kwenda 34 mbele kuna faida sawa na kukuza sproketi ya nyuma kutoka 28 hadi 32. Ndiyo maana nasema mwenye 53/39 aanze mbele.

Mambo mawili yanayoibana dereila

Dereila ya nyuma, kile kifaa chenye vigurudumu viwili kinachohamisha cheni, ina mipaka miwili, na watu wengi huichanganya.

Mpaka wa kwanza ni ukubwa wa sproketi ya juu. Kigurudumu cha juu cha dereila lazima kipite chini ya sproketi kubwa bila kugusana nayo. Sproketi ikizidi, vinasagana, unasikia mkwaruzo kila ukiwa kwenye gia nyepesi kabisa. Mpaka huu unategemea umbo la dereila na urefu wa hanga, kile kipande cha fremu dereila inaponing'inia. Hanga hazilingani kati ya fremu na fremu, ndiyo sababu kaseti inayokubali kwa rafiki yako inaweza kukataa kwako hata kama dereila ni moja.

Mpaka wa pili ni cheni inayoweza kukunjwa. Chukua tofauti ya meno ya mbele, jumlisha na tofauti ya meno ya nyuma. Mwenye 50/34 na kaseti ya 11-28 ana 16 na 17, jumla 33. Akihamia 11-34 anakuwa na 16 na 23, jumla 39. Kazi ya kumeza cheni hiyo ya ziada ni ya mkono wa dereila, yaani sehemu inayoshika vigurudumu viwili. Mkono mrefu unameza zaidi.

Shimano wanaandika SS kwa mkono mfupi na GS kwa mkono mrefu wa baiskeli za mbio, na herufi hizo mara nyingi utazikuta nyuma ya dereila karibu na namba ya modeli. Kwa 105, seti ya kati ya Shimano, ya gia 11 nyuma, toleo la 5800, SS inakubali sproketi hadi meno 28 na jumla ya 33. GS inakubali 32 na 37. Toleo lililofuata, R7000, SS imepanda hadi 30 na 35, GS hadi 34 na 39. Ultegra, seti iliyo juu ya 105, matoleo ya 6800 na R8000, ina namba hizo hizo kwa mpangilio huo.

Kaseti kubwa peke yake

Hii ndiyo rahisi kuliko zote, na inafanya kazi mara nyingi kuliko kiwanda kinavyokiri. Mipaka ya Shimano imewekwa kwa tahadhari, kwa sababu wao hawajui hanga yako ni ndefu kiasi gani. Dereila iliyoandikwa 28 mara nyingi hubeba 30 bila manung'uniko, na kwenye baadhi ya fremu hubeba 32. Skrubu ya B, ile iliyo nyuma ya dereila inayogusa hanga, ukiikaza inaisukuma dereila mbali na kaseti. Kama haitoshi, mafundi huifungua na kuirudisha kwa upande wa pili, kichwa kikiwa kinagusa hanga, ili kupata milimita chache zaidi.

Kuna gharama yake. Kigurudumu cha juu kikikaa mbali na kaseti, hamisho la gia linalegea, hasa kwenye sproketi ndogo: unabonyeza, cheni inasita kidogo, halafu inaruka. Kwa mwendo wa kawaida hilo linavumilika. Kwa anayekimbizana na kundi linachosha.

Sasa ile jumla ya pili. Ukiweka 11-32 kwenye 5800 SS na mbele una 50/34, umezidisha mpaka kwa meno manne. Maana yake ni kwamba kwenye sproketi ndogo mbele na ndogo nyuma cheni italegea na kuning'inia. Hiyo haivunji kitu. Ni mchanganyiko ambao hupaswi kuutumia hata kwenye baiskeli iliyokamilika. Kinachovunja ni upande wa pili: kubwa mbele na kubwa nyuma. Fundi akifunga kaseti kubwa na kuacha cheni ya zamani, iliyokatwa kwa ajili ya 25 au 28, siku utakapoingia humo kwa bahati mbaya cheni itakosa urefu. Dereila itavutwa mbele hadi mwisho wake, kisha kitu kitaachia: hanga, mkono wa dereila, au kwa fremu ya kaboni, sikio la fremu lenyewe. Ukiwa umechoka kilometa ya 80, hukumbuki uko kwenye sproketi gani ya mbele. Kosa hili litatokea tu, ni suala la siku gani. Kwa hiyo cheni ipimwe kwa kubwa na kubwa, daima, hata kama unaapa kwamba hutaingia humo. Afadhali ilegee kwenye ndogo na ndogo kuliko ikose urefu huku.

Nani achague njia hii? Mwenye 50/34 na 11-25 au 11-28, anayetaka nafuu kidogo tu, ahamie 11-30. Zaidi ya hapo unacheza kamari na hanga.

Kiungo cha kuishusha dereila

Kiungo ni kipande kifupi cha alumini kinachofungwa kati ya hanga na dereila ili dereila ikae chini zaidi na nyuma kidogo. Wolf Tooth wa Marekani ndio waliokifanya kijulikane kwa RoadLink yao, na nakala za bei ya chini zimejaa kwenye maduka ya mtandaoni. Kinabebeka mfukoni, kinafungwa kwa dakika kumi, na ni cha bei ndogo kuliko dereila yoyote mpya iliyo nzuri. Kwa hicho, dereila ya barabarani inaweza kufika chini ya sproketi za 36, na wenye sproketi moja mbele hufika 40.

Lakini kiungo kinatatua mpaka mmoja tu kati ya ile miwili. Kinapata nafasi chini ya sproketi kubwa. Hakirefushi mkono wa dereila hata milimita moja. Mwenye mkono mfupi na 50/34 akifunga kiungo na kaseti ya 11-36 ana jumla ya 41 kwenye dereila ya 33. Cheni ikipimwa sawasawa, gia zake nne au tano za sproketi ndogo ya mbele zitaning'inia. Ikipimwa fupi, tumerudi kwenye hanga iliyovunjika. Kiungo kinang'ara kwa mwenye mkono mrefu tayari anayetaka kuruka kutoka 32 kwenda 36, na kwa mwenye sproketi moja mbele, ambaye tofauti ya mbele kwake ni sifuri.

Ubaya wake wa pili hauonekani dukani. Umeongeza nati moja na sentimita chache kati ya fremu na dereila, na kila sehemu inayoongezwa hapo ina ulegevu wake. Gia inahama kwa uvivu zaidi, na kiungo cha nakala kilichochongwa vibaya kinaiweka dereila upande. Hakikisha nyuzi zake ni M10 kwa 1, kipimo cha hanga za kawaida, na ukitazama kutoka nyuma vigurudumu vya dereila visimame wima sambamba na sproketi. Dereila za R7000 na R8000 zina kiungo kifupi chao wenyewe kutoka kiwandani. Kwa hizo kuna toleo tofauti linalochukua nafasi ya kile cha awali, usifunge lile la zamani juu yake.

Dereila ya mkono mrefu

Hapa ndipo ningeweka pesa zangu. Inatatua mipaka yote miwili kwa pamoja, na inaacha hamisho la gia likiwa jepesi kama lilivyokusudiwa.

Swali ni dereila ipi itasikilizana na leva zako, vile vishikio vya kubadilishia gia, na jibu linategemea idadi ya gia za nyuma.

Mwenye Shimano ya gia 11 ana uhuru mkubwa. Leva za 5800, 6800, R7000 na R8000 zote zinavuta waya kwa kipimo kimoja, kwa hiyo leva za 5800 na dereila ya R7000 GS ni ndoa halali, na papo hapo umepata sproketi ya 34. Kama unapita barabara za vumbi na kokoto, tazama pia GRX ya mwaka 2019: RX810 inakwenda hadi 34 kwa sproketi mbili za mbele na ina klachi, kifaa kinachouzuia mkono kurukaruka, kwa hiyo cheni haigongi fremu na haitoki ovyo. RX812 ya familia hiyo imeandikwa 42, na namba hiyo huwavutia watu, ila ni ya sproketi moja mbele. Uwezo wake wa kumeza cheni ni 31 tu.

Jambo lingine la R7000 na GRX ni kwamba zimejificha chini ya kaseti, hazijitokezi nje kama za zamani. Baiskeli inayosafiri kwenye buti la basi kutoka Dar hadi Moshi, mizigo ya watu ikiwa juu yake, inafaidika na hilo kuliko na gramu zozote utakazopunguza.

Mwenye Shimano ya gia 10 ndiye mwenye bahati kubwa, na wengi hawajui. Leva za 10 za zamani, yaani Tiagra 4600, 105 za 5600 na 5700, Ultegra 6600 na 6700, zinavuta waya sawa na dereila za baiskeli za mlimani za gia 9. Deore M592 au XT M772 ya mtumba, iliyotoka kwenye baiskeli ya mlimani ambayo fremu yake imekufa, itafanya kazi na leva hizo kama zimezaliwa pamoja. Ina mkono mrefu kuliko GS za barabarani, na sproketi ya 34 inaibeba. Funga na kaseti ya gia 10 ya 11-34, cheni ya gia 10, basi. Idadi ya gia inahesabiwa na leva. Dereila inafuata tu waya. Hata wenye gia 8 na 9 wa Claris na Sora wanaweza kutumia njia hiyo.

Kuna mitego miwili. Dereila ya mlimani ya gia 10, zile zilizoandikwa Dyna-Sys, inavuta kwa kipimo kingine na haitaelewana na leva za barabarani. Na Tiagra 4700, ingawa ni ya gia 10, ilihamia kipimo cha gia 11 za barabarani. Mwenye 4700 asinunue Deore ya gia 9. Atafute GS ya 4700 yenyewe au GRX RX400, ambayo ni ya gia 10 na inafika 36.

Kwa SRAM, kampuni nyingine ya vifaa vya gia, gia 10 za barabarani na za mlimani zinavuta waya sawa, kwa hiyo dereila ya mlimani ya X7 au X9 ya gia 10 inaweza kufungwa na leva za Apex au Rival za gia 10. Kwenye gia 11 undugu huo umekatika. Apex ya mwaka 2010 yenyewe ilikuja na mkono mrefu na kaseti ya 11-32, ukiikuta mtumba ikiwa nzima usiiache.

Kaseti gani, 11-32 au 11-34?

Watu hutazama sproketi kubwa peke yake. Tazama na zile za katikati, kwa sababu humo ndimo unamoishi. Kaseti ya Shimano ya gia 11 ya 11-28 ina 11, 12, 13, 14, 15, 17, 19, 21, 23, 25, 28. Ile ya 11-32 ina 11, 12, 13, 14, 16, 18, 20, 22, 25, 28, 32. Ile ya 11-34 ina 11, 13, 15, 17, 19, 21, 23, 25, 27, 30, 34.

Unaona kilichopotea. Kwenye 11-34 hakuna 12 wala 14. Kutoka 11 kwenda 13 ni mruko wa asilimia 18, na ukiwa kwenye kundi linalokimbia kilomita 38 kwa saa barabara ya Bagamoyo, gia moja inakuwa nzito na inayofuata nyepesi mno; miguu haipati mdundo wake. Upande wa juu 11-34 ni laini: 23, 25, 27, 30, 34 zinapanda kwa hatua ndogo zinazofanana, jambo linalopendeza mlimani. Ile ya 11-32 inatoa meno mawili ya mwisho ili kulinda zile za chini.

Kwa hiyo anayeishi Dar, Mombasa au Unguja na kwenda milimani mara chache, achukue 11-32. Anayeishi Lushoto, Bukoba, Kisii, Kigali au Bujumbura, ambako barabara inapanda toka mlangoni, achukue 11-34 bila kujiuliza. Na aliye tambarare mwaka mzima abaki na 11-28. Gia asiyoitumia ni uzito na pengo la bure.

Jambo moja zuri la 11-34 za Shimano, HG700 na HG800: zinaingia kwenye habu (vitovu vya gurudumu) za zamani za gia 8, 9 na 10, kwa sababu sproketi yake kubwa inajipinda kuelekea spoki. Mwenye leva za gia 11 na magurudumu ya mtumba ya zamani ameokolewa hapo. Kwenye habu ya gia 11 ya barabarani kaseti hizo zinataka ringi ya nafasi ya milimita 1.85 nyuma yake. Ukiisahau, kaseti itacheza hata ukiikaza vipi.

Kupunguza mbele

Mwenye 53/39 ya matundu matano yenye duara la milimita 130 hawezi kufunga sproketi chini ya 38. Matundu yenyewe yanazuia. Kwa hiyo hapa tunazungumzia krenki nzima, yaani mikono ya pedeli pamoja na sproketi zake, kwa kawaida 50/34. Uliza aina ya beringi za krenki kabla ya kununua: za Shimano za mhimili wa milimita 24 hubadilishana kwa urahisi, za mhimili wa pembe nne zinataka urefu sahihi wa mhimili. Dereila ya mbele itashushwa milimita chache kufuata sproketi ndogo, na cheni itafupishwa. Nyuma unaweza kuacha kama kulivyo, au ukaongeza 11-28, ambayo hata dereila nyingi za mkono mfupi zinaibeba. Toka 39 x 25 hadi 34 x 28 umeshuka kutoka 1.56 hadi 1.21.

Wanaotaka kushuka zaidi wana 46/30, kama krenki ya GRX RX600. Hofu ya kila mtu ni kwamba atakosa kasi kwenye mteremko. Piga hesabu: 50 x 11 kwa mizunguko 90 ni kilomita 51 na nusu kwa saa, na 46 x 11 ni 47. Nje ya mashindano, ukizidi hapo kwenye mteremko unachuchumaa na kuacha baiskeli iende. Tatizo halisi la GRX kwenye baiskeli ya mbio ni jingine. Mstari wake wa cheni umesogezwa nje kwa milimita 2.5, kwa hiyo inataka dereila ya mbele ya GRX, na kwenye fremu zenye pachiko la dereila ya mbele lililochomewa huenda dereila hiyo isishuke hadi kwenye 46. Pima nafasi hiyo kwa rula kabla ya kulipa.

Sproketi moja mbele naitaja kwa sababu huulizwa sana. Mfano 40 mbele na 11-42 nyuma: gia nyepesi ni 0.95, gia nzito kwa mizunguko 90 inaishia kilomita 41 kwa saa, na mapengo katikati ni makubwa. Kwa barabara za kokoto ni sawa. Kwa lami siipendekezi.

Ukishaamua

Kaseti mpya inataka cheni mpya. Cheni iliyorefuka kwa zaidi ya asilimia 0.5 kwenye gia 11 itakula kaseti kabla hujarudisha faida. Kabla ya yote fundi anyooshe hanga kwa kipimo, kwani hanga iliyopinda kidogo husumbua zaidi sproketi zinapokuwa kubwa, na baiskeli za mtumba nyingi zimelala upande wa kulia kwenye kontena.

Kisha urefu wa cheni. Izungushe cheni kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye dereila, ivute ncha zikutane, halafu ongeza pingili mbili, ya ndani na ya nje. Kata hapo. Ukishaifunga, rekebisha skrubu ya B cheni ikiwa kwenye sproketi ndogo mbele na kubwa nyuma, hadi kigurudumu cha juu kiache nafasi ya milimita 5 au 6. Hatimaye ininginize baiskeli, zungusha pedeli kwa mkono na uingie polepole kwenye kubwa na kubwa. Mkono wa dereila unapaswa kuwa umevutwa mbele lakini bado una mpindo, ukiusukuma kwa kidole uende mbele kidogo zaidi. Kama umenyooka kabisa na hausogei, cheni ni fupi, na baiskeli isitoke gereji hiyo siku hiyo.